Mbwa wa ulinzi anatutisha sisi wenyewe: nimuuze au nivumilie?

Ndugu Mshauri,

Nakuandikia kutoka Uyole, Mbeya, nikiwa na jambo ambalo wenzangu wakilisikia hucheka, ila mimi limeninyima usingizi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nafuga ng'ombe wachache wa maziwa na kuku wa nyama, na mume wangu hufanya kazi ya kutoa mizigo forodhani Tunduma, kwa hiyo siku nyingi za juma nipo nyumbani na watoto pamoja na kijana wetu wa kazi. Mwaka jana wezi walivunja banda la kuku usiku wakazoa wote waliokuwa wamefikia kuuzwa. Mume wangu aliumia sana, na safari iliyofuata alirudi na mtoto wa mbwa wa aina ya Boerboel, aliyemnunua kwa mtu aliyesema amemtoa Afrika Kusini kwa njia ya Zambia. Tukampa jina la Meja.

Meja sasa ana miezi kumi. Tulipompandisha kwenye mizani tunayopimia magunia ya mahindi alifika kilo 52, na bado anakua. Utaratibu aliouweka mume wangu ni kwamba mchana mbwa afungiwe katika banda la mabati lililo nyuma ya nyumba, asione mtu wala asishikwe na mtu, afunguliwe saa nne usiku, na alishwe na kijana wa kazi peke yake mara moja kwa siku, kwa sababu, kwa maneno yake, mbwa wa ulinzi akizoea watu ameharibika. Chakula chake ni ugali wa pumba uliochanganywa na dona kidogo, na mapupu mabichi tunayonunua buchani.

Majuma machache yaliyopita kijana hakulisukuma komeo la banda hadi mwisho. Jioni binti wa jirani, mwenye miaka saba, alikuja na kidumu chake kuchukua maziwa kama ilivyo kawaida. Meja akatoka mbio, akamrukia na kumwangusha, na jino likamkwaruza mkono hadi damu ikatoka kidogo. Nilimwita mbwa kwa jina, hakunisikiliza. Kijana ndiye aliyemburuta kwa ngozi ya shingo. Mtoto tulimwosha kwa maji tukampaka spiriti. Tangu siku hiyo mama yake haitikii salamu zangu vizuri, na nimesikia anataka kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

Halafu baba mkwe wangu alikuja kutoka Tukuyu kututembelea. Kwa desturi za Kinyakyusa mkwe wa kike hamsogelei baba mkwe wake, na ingawa siku hizi wengi wamelegeza, kwetu bado tunaishika, kwa hiyo sikuweza hata kusimama getini nimshike mbwa ili mzee apite. Alibaki nje ya geti, manyunyu yakimlowanisha, mpaka kijana aliporudi kutoka kukata majani ya ng'ombe. Hakusema neno siku ile, lakini ameniletea ujumbe kupitia kwa shemeji kwamba hatakanyaga tena hapa mpaka mnyama yule aondoke.

Mwisho, siku hizi Meja anakula na kubweka kama kawaida, ila anachechemea mguu wa mbele, mara wa kushoto, mara wa kulia. Kijana alimpa kidonge cha diklofenaki, akatapika usiku kucha. Nikimweleza mume wangu kwa simu ananijibu kwamba nipunguze huruma, mbwa hakununuliwa ili abembelezwe. Je, mbwa huyu ana tabia mbaya ya kuzaliwa? Nimuuze? Na kama ni wa kubaki, nitamwelezaje mume wangu bila kuonekana napingana naye?

Mama Atupele (si jina lake halisi), Uyole

Mama Atupele,

Nitaanza na jambo ambalo hukuniuliza, nalo ni mkono wa binti wa jirani. Umesema yamepita majuma kadhaa na Meja, mbali na kuchechemea, anakula na kubweka kama kawaida. Hiyo ni habari njema, kwa sababu mbwa ambaye mate yake yana virusi vya kichaa huugua waziwazi au hufa ndani ya siku 10 tangu siku aliyouma. Akizivuka akiwa mzima, mate yake ya siku ile hayakuwa na ugonjwa huo. Lakini jioni ile hakuna aliyeweza kulijua hilo, na spiriti peke yake haikutosha. Jeraha la mbwa, hata likiwa mkwaruzo tu, huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha mtu hupelekwa hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje, maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu huua karibu kila mara, ilhali chanjo ikiwahi humwokoa. Mpeleke mtoto kituo cha afya hata sasa, kwa gharama yako, daktari alione jeraha na kuamua kama anahitaji chanjo, ikiwemo ile ya pepopunda.

Hukueleza kama Meja mwenyewe amechanjwa. Kama alikuja na karatasi tu isiyo na jina la daktari, tarehe na lebo ya chanjo, ihesabu kuwa haipo. Mwite daktari wa mifugo amchanje upya dhidi ya kichaa, ampe na ile ya magonjwa mengine ya mbwa, ikiwemo paruvo, yaani ugonjwa wa kutapika na kuharisha damu, na akuandikie kadi ambayo utaitunza pamoja na vyeti vya nyumbani. Kurudia chanjo aliyokwisha kupata hakumdhuru.

Kadi hiyo ndiyo utakayokwenda nayo kwa jirani. Nenda kabla hajafika kwa mwenyekiti wa mtaa, na ikiwezekana nenda siku ambayo mume wako yupo, mwende wote wawili, kwa sababu mama yule hakuumizwa na mkwaruzo tu bali pia na kuona kwamba katika nyumba yenu hakuna mtu mzima aliyekuja kusema pole. Msiende kumweleza kwamba mtoto alikimbia ndiyo maana akarukiwa. Mwonyesheni kadi, mwambieni mtakachobadilisha na lini, na mkibadilishe. Mjue pia kwamba Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamhesabu kuwa na kosa mtu anayezembea kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokana na mnyama aliye mikononi mwake, kwa hiyo akienda mbele hatakuwa anawaonea.

Sasa tuje kwa Meja mwenyewe. Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni mbwa mwenye tabia mbaya ya kuzaliwa. Naona mbwa kijana wa kilo 52 aliyekaa gizani mchana kutwa, akaona mlango uko wazi na kiumbe kidogo kinachotembea mbele yake, akakirukia kwa nguvu zote bila kujua nguvu hizo ni nyingi kiasi gani. Mbwa aliyedhamiria kushambulia mara nyingi hang'ati na kuachia kwa mkwaruzo mmoja. Hilo halipunguzi uzito wa tukio, kwa sababu mtoto aliyeanguka vibaya huweza kuvunjika shingo hata na mbwa mwenye furaha, lakini linabadilisha dawa yake.

Boerboel ni mbwa wa mashamba ya Afrika Kusini. Dume aliyekomaa hufika sentimita 60 hadi 70 begani, na uzito wake huanzia kilo 50 hivi na huweza kufika 90. Wakulima wa huko walimtaka mbwa ambaye angekaa na familia na wafanyakazi, kisha asimame mbele ya mwizi au chui, na mbwa wa namna hiyo hakuwa na faida kama hangeweza kutofautisha. Kulinda amezaliwa nako, hakuna haja ya kumfundisha ukali. Asichozaliwa nacho ni kujua nani ni wa kulindwa, na hilo hujifunza kwa kuwaona watu, kuwanusa, kuguswa nao na kusikia sauti zao. Muda mwepesi kuliko wote wa kujifunza hayo ni kati ya juma la tatu na la kumi na nne la maisha yake, muda ambao kwa Meja umepita akiwa safarini na bandani. Katika miezi kumi bado anaweza kujifunza, ila itachukua subira zaidi, na kwa mbwa wa aina hii akili hukomaa akiwa na miaka miwili au mitatu, mwili ukiwa umetangulia mbali.

Mume wako ana haki ya kutaka ulinzi baada ya yaliyowapata. Njia aliyoichagua ndiyo isiyompa ulinzi, na hapa ndipo utakapopata maneno ya kumwambia. Usianze kwa kusema kwamba mbwa anateseka, ingawa anateseka, na ingawa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ingekuwa upande wako. Mweleze kama mtu anayekagua ulinzi wa nyumba yake na kuona tundu. Mbwa wenu anamsikiliza mtu mmoja tu, naye ni kijana wa kazi. Kijana huyo akipata kazi nyingine, au akienda kwao msimu wa kuvuna na asirudi, mtabaki na mnyama wa kilo 60 au 70 ambaye hakuna mwenye nyumba anayeweza kumsogelea, achilia mbali kumwamuru, na anayejua njia ya kumtuliza atakuwa mtu wa nje asiye tena kwenu. Mwulize mume wako kwa upole kama hivyo ndivyo alivyokusudia.

Tundu la pili ni njaa. Wezi wa kuku wa mikoa hii wanajua kutupa kipande cha nyama chenye sumu juu ya ukuta, na mbwa anayelishwa mara moja kwa siku, tena pumba, hukimeza kabla hakijatua. Mbwa aliyeshiba, aliyezoea kula katika bakuli lake na kwa ruhusa, si kinga kamili, lakini ana nafasi kubwa zaidi ya kubweka kwanza. Na la tatu, mbwa asiyemjua mtu yeyote humbwekea kila mtu: mwendesha bodaboda, wanakwaya wanaopita, mbuzi wa jirani. Mkishazoea kelele hizo hamtaamka siku ya kelele yenyewe. Aliyetembezwa mtaani akayajua ya kawaida, akibweka saa nane usiku, mnainuka.

Akikubali, na nadhani hoja ya kijana wa kazi itamgusa zaidi, anzeni na uwanja kabla ya mbwa. Biashara yako ya maziwa inaleta watu getini asubuhi na jioni, na wengi wao ni watoto. Hakuna mafunzo yatakayoniridhisha nikijua kwamba mteja mwenye kidumu anaingia katika uwanja uleule anaozunguka mbwa. Wekeni uzio wa ndani, hata kama ni wa wavu imara na nguzo za mikaratusi, urefu wa mtu, ili pawe na sehemu ya wageni na sehemu ya mbwa, na maziwa yatolewe kwenye dirisha au kaunta ndogo iliyo upande wa geti. Mlango wa kati uwe na komeo linalojifunga lenyewe na kufuli juu yake. Kosa la komeo lisilofika mwisho lisimtegemee tena mtu mmoja kukumbuka.

Kisha wewe, Mama Atupele, chukua bakuli. Mlishe wewe asubuhi na jioni, kijana akiwa karibu siku za mwanzo. Mwamuru akae, bakuli likiwa mkononi mwako. Akikaa, hata kwa nukta moja, liweke chini. Asipokaa, ondoka nalo, rudi baada ya muda mfupi. Usimpige. Mbwa wa ukubwa huu ukishindana naye kwa nguvu utashinda mpaka siku atakapogundua kwamba huwezi. Mkubaliane nyumbani neno moja kwa kila jambo, maana nina hakika kwamba kwa sasa kijana anamwita kwa Kinyakyusa, watoto kwa Kiswahili, na baba akirudi anatumia Kiingereza cha kwenye video. Maneno kaa, njoo, acha na baki yanatosha kwa mwaka mzima, mradi kila mtu ayaseme vilevile.

Akishakutii katika chakula, mzoeze mkanda mpana wa shingoni na kamba imara ya mita mbili, kwanza uani, kisha nje saa kumi na mbili alfajiri kabla barabara haijajaa. Mnunulie pia kifunga mdomo cha aina ya kikapu, ambacho humwezesha kuhema na kunywa maji, na umzoeze kukivaa kwa kumwekea kipande cha nyama ndani yake. Majirani wakimwona amekivaa watatulia, na wewe pia, na utulivu wako hupita kwenye kamba hadi kwake. Wageni wasimguse. Wasimame mbali kidogo, msalimiane, yeye akae na kutazama, apewe kitu kidogo, mwendelee na safari. Watoto wako wawepo, lakini wasishike kamba wala wasiachwe naye peke yao, hata atakapokuwa mpole kama kondoo.

Kuhusu baba mkwe, usilibebe wewe. Ni la mume wako na shemeji. Mume wako ndiye amwite mzee siku ambayo yeye mwenyewe yupo, mbwa akiwa ameshatembezwa, ameshakula na amefungiwa nyuma ya uzio wa ndani tangu kabla mgeni hajafika, na shemeji amsubiri mzee barabarani amwingize. Asiombwe kumzoea mbwa wala kumpapasa. Mzee aliyeachwa kwenye manyunyu hakukasirikia mnyama tu, na heshima aliyokosa getini hurudishwa na mwanawe.

Chakula ndicho sehemu ambayo mnaweza kumwua Meja mkidhani mnamtunza. Pumba humjaza tumbo bila kumjenga, na pumba au mahindi yaliyovunda yana hatari ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ambayo mbwa huathirika nayo vibaya sana kwenye ini. Mahindi mnayoyakataa kwa ugali wenu kwa sababu ya ukungu yasiwe fungu lake. Mpikieni dona safi au mchele wa chenga pamoja na kitu cha kujenga mwili: usipa wa Ziwa Nyasa walioloweshwa na kuoshwa kama wana chumvi, mayai, maharage yaliyoiva sana, nyama ya vichwa na miguu ya kuku iliyotolewa mifupa, na mboga kidogo. Mapupu ni mazuri, lakini yachemsheni mpaka yaive, kwa kuwa mapupu na maini mabichi yenye malengelenge ya minyoo huzaa tegu tumboni mwa mbwa, na mayai ya tegu huyo hutoka na kinyesi na kuweza kuingia kwa watoto wako na ng'ombe wako. Dawa ya minyoo apewe kila baada ya miezi mitatu, kwa kipimo cha uzito wake halisi. Mifupa iliyopikwa msimpe, hupasuka vipande vyenye ncha. Kama uwezo upo, chakula cha mbwa cha dukani kilichotengenezwa kwa watoto wa mbwa wakubwa ni salama zaidi katika miezi hii ya kukua, kwa sababu madini yake yamepimwa. Msimwongezee unga wa mifupa au chokaa ya kuku kwa kudhani mnaimarisha miguu yake, maana kalsiamu ikizidi huharibu mifupa inayokua kama vile inavyoiharibu ikipungua.

Asinenepe. Pitisha viganja ubavuni mwake: mbavu uzisikie bila kubonyeza, na ukimtazama kwa juu uone kiuno. Watu wengi wa kwetu humsifu mbwa mnene, na kwa mbwa mkubwa anayekua unene ndio unaomaliza viungo. Vipo pia vitu vya shambani vya kumwepusha navyo. Maparachichi yanayoanguka hula kwa furaha, lakini kokwa lake likimezwa huweza kuziba utumbo. Vitunguu huharibu damu yake. Na kama mna ndugu Kyela wanaowaletea kakao, punje zake, hata zilizokaushwa, ni sumu kwa mbwa.

Milo miwili ina sababu nyingine. Mbwa wenye kifua kirefu na kipana kama yeye hupatwa na tatizo la tumbo kujaa gesi na kujipinda, hasa wakila kwa pupa mlo mmoja mkubwa kisha wakakimbia, na nyinyi mnamlisha mara moja na kumfungulia akakimbie. Apumzike saa moja au zaidi baada ya kula. Ukimwona tumbo limevimba, anajaribu kutapika lakini hakitoki kitu, anatembea huku na huku na mate yanamchuruzika, usisubiri kuche. Mpigie daktari saa hiyohiyo, kwa sababu ndani ya saa chache atakuwa amekufa.

Kuchechemea kunakohama kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kwa mbwa mkubwa wa umri wake, mara nyingi ni maumivu ya mifupa inayokua, ambayo huja na kupita. Hata hivyo aina hii ina urithi wa nyonga na viwiko visivyokaa sawasawa, na kutofautisha kunahitaji daktari ampapase na pengine apigwe picha ya eksirei. Daktari wenu asipokuwa na kifaa, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ni mahali pa kuuliza. Kwa sasa asirushwe kutoka nyuma ya kirikuu, asikimbizwe na pikipiki, atembee mwendo wa kawaida. Diklofenaki, ibuprofeni na parasetamo za binadamu asipewe tena kamwe. Huchoma tumbo, ini na figo za mbwa, na kutapika usiku ule kulikuwa onyo. Mwambie daktari kwamba alikimeza kile kidonge, na umtajie kama uliona kinyesi cheusi.

Banda la mabati libadilisheni kabla ya Juni. Baridi ya Uyole na upepo wake mnaijua, na sakafu ya saruji humtoa sugu viwikoni. Chaga za mbao zilizoinuliwa kutoka chini, nyasi kavu zinazobadilishwa ili viroboto na funza wasizaliane, mlango ukipa mgongo upepo, na nafasi ya yeye kusimama na kugeuka, vinatosha. Kagua kati ya vidole vyake na nyuma ya masikio kila juma, utoe kupe. Akilegea ghafla, ufizi ukawa mweupe na mkojo ukawa kama chai, ni homa ya kupe na inatibika ikiwahiwa.

Swali lako la kumuuza nimeliacha mwisho kwa sababu jibu lake linategemea haya. Mkiweza kujenga uzio, kuchukua bakuli na kamba, na kumlisha ipasavyo, mkae naye mpaka afikishe mwaka na nusu ndipo muamue, na wakati huo mzungumze na daktari kuhusu kumhasi, jambo ambalo halimpunguzii ulinzi. Mkiona hamuwezi, kwa fedha au kwa muda, hakuna aibu, na ni afadhali kuamua mapema kuliko baada ya mtoto wa pili kuumizwa. Akionyesha kutaka kung'ata watu wa nyumbani bila kuchokozwa, hata baada ya miezi ya mafunzo na daktari kuthibitisha kwamba haumwi, huyo asiuzwe kwa mtu yeyote. Daktari ndiye atakayewashauri, na huenda ushauri huo ukawa wa kumlaza usingizi asiamke tena. Mbali na hali hiyo, mtafutieni mtu mwenye shamba lenye uzio, aliyewahi kufuga mbwa wakubwa, aje amwone mara kadhaa mkiwepo. Mwelezeni habari ya yule binti bila kuficha, mpeni kadi ya chanjo na orodha ya maneno anayoyaelewa, na anayekuambia kwamba atamfunga mnyororo ili awe mkali zaidi, mkatalie hata akiongeza bei.